Mota ya spidi mbili si sta-delta: pima na uhesabu kabla hujakata koili

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Habari za leo wakuu.

Huku kwetu mwisho wa reli mota za spidi mbili zinaletwa karakana zikiwa zimetoka kwenye mashine za mitumba: vinu vya kuponda chikichi, feni kubwa za kukaushia, mashine za mbao. Ikiungua, fundi anafungua boksi na kukuta nyaya sita, idadi ileile ya mota ya sta-delta, ile ya spidi moja ambayo koili zake zinaungwa sta (ncha tatu zinakutana pamoja) wakati wa kuwasha, kisha delta (pembetatu). Basi anaisuka sta-delta. Mwenye mali akiiwasha, inavuma, ampea zinapanda, na moshi unafuata. Nimepokea kadhaa za namna hiyo kwa mkono wa pili, na usukaji wake ulikuwa safi: karatasi zimekaa vizuri, vanishi imeingia mpaka ndani. Aliyesuka hakuwa mzembe. Hakujua tu mota ile imepangwaje, na mtu analipia shaba mara mbili. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Tuanze na msingi. Spidi ya uwanja wa sumaku kwa dakika ni 120 mara Hz, gawanya kwa idadi ya poli, yaani zile ncha za sumaku. Kwa umeme wetu wa Hz 50, poli 2 ni mizunguko 3000, poli 4 ni 1500, poli 6 ni 1000, poli 8 ni 750. Rota, sehemu inayozunguka, inabaki nyuma kidogo, ndiyo maana kibao kinaandika 1440 au 710. Kama Hz hazibadiliki, njia ya kupata spidi nyingine kamili ni kubadilisha idadi ya poli. Rota ya kizimba haina poli zake yenyewe, inafuata zile za stata, sehemu isiyozunguka yenye koili. Ile yenye koili na ringi haikubali mchezo huu, kwa sababu koili zake zimeshapangwa kwa idadi moja ya poli.

Sasa, unapataje poli 4 na poli 8 kwenye koili zilezile? Njia hii ni ya Robert Dahlander wa Sweden, hataza yake ni ya mwaka 1897, na hadi leo tunaiita kwa jina lake. Chukua fezi moja yenye makundi manne ya koili kuzunguka stata. Ukiyaunga yapishane, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, una poli 4. Ukigeuza mkondo kwenye kundi la pili na la nne, yote manne yanakuwa kaskazini. Sumaku iliyotoka lazima irudi mahali, nayo inarudi katikati ya makundi, pale ambapo hakuna kundi la fezi hiyo. Hapo chuma chenyewe kinakuwa kusini. Kaskazini nne, kusini nne: poli 8. Hujaongeza hata waya mmoja, umegeuza nusu ya fezi tu.

Ndiyo sababu kila fezi inagawanywa nusu mbili na kutolewa waya katikati. Nyaya sita za kwenye boksi zina alama 1U, 1V, 1W na 2U, 2V, 2W. Spidi ya chini unapeleka umeme 1U, 1V, 1W na kuacha 2U, 2V, 2W wazi. Spidi ya juu unaunganisha 1U, 1V, 1W pamoja na kupeleka umeme 2U, 2V, 2W. Umeme ukiingia katikati, unatoka pande zote mbili, kwa hiyo nusu moja inapata mkondo wa kinyume.

Kutambua mota iliyofika mezani, kama bado ina uhai, chukua mita. Sta-delta ya kawaida ina koili tatu ambazo hazigusani kabisa: utapata jozi tatu. Mota yenye sukio mbili tofauti ndani ya stata moja itakupa visiwa viwili vya nyaya tatu tatu. Dahlander nyaya zote sita zinaongea, yaani mita inaonyesha zimeungana. Hapo tu umeshajua usiifunge vipande vya shaba vya sta-delta.

Kama imeungua kabisa, usianze kukata. Hesabu sloti (mifereji ya stata inayobeba koili), hesabu koili za kila kundi, angalia koili inaingia sloti gani na kutokea gani. Stata ya sloti 36 yenye makundi ya koili tatu tatu na hatua ya 1 hadi 6 ni Dahlander ya 4/8. Ile ya poli 4 peke yake ingekuwa na makundi ya tatu tatu lakini hatua ndefu, 1 hadi 8, 9 au 10. Ya poli 6 ingekuwa na hatua 1 hadi 6 lakini makundi ya mbili mbili. Ukiandika vitu hivyo viwili kwenye daftari, hatua na ukubwa wa kundi, umeshaipata mota yako.

Mwenye Kinu (Simbo)

Asante fundi. Mimi si mtu wa umeme, nina kinu cha kuponda chikichi. Mota yangu ni ya spidi mbili. Tunaanza polepole chikichi zikiwa bado nzima, zikishalainika tunapandisha. Tangu isukwe upya, spidi ya chini haina nguvu, kinu kikijaa inakwama. Spidi ya juu iko sawa. Fundi wangu anasema ni tabia ya mota hizi. Ni kweli?

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Hapana ndugu yangu, si tabia yake, na usiendelee kuikwamisha maana utaiunguza. Nadhani ulipewa sta mahali pa delta.

Kuna namna mbili kuu za Dahlander. Moja spidi ya chini ni delta na ya juu ni sta mbili sambamba. Nyingine ya chini ni sta na ya juu pia ni sta mbili sambamba. Kwa nje zote zina nyaya sita, na spidi ya juu zinafanana. Tofauti iko chini. Koili ileile ikiwa sta inapata volti zilizogawanywa kwa 1.73, na nguvu ya kuzungusha inakwenda kwa mraba wa volti, kwa hiyo inabaki theluthi moja ya ile ya delta. Kinu kilichojaa chikichi ngumu hakitaki theluthi.

Ile ya sta chini ni ya feni na pampu. Feni ikizunguka nusu ya spidi inahitaji robo tu ya nguvu ya kuzungusha, hivyo theluthi inaitosha. Kinu, konveya, kreni, winchi ya kuvuta mashua, hizo zinataka delta chini.

Mwambie fundi wako apime ukinzani (omu) wa 1U kwa 1V, halafu 2U kwa 2V. Kwenye delta vipimo hivyo viwili vinalingana. Kwenye sta cha kwanza ni mara mbili ya cha pili. Tuseme kila nusu ya fezi ina ukinzani r. Delta: 1U kwa 1V ni 2r sambamba na 4r, yaani 1.33r, na 2U kwa 2V ni hivyohivyo. Sta: 1U kwa 1V ni 4r, na 2U kwa 2V ni 2r. Kwa mota kubwa mita ya kawaida itadanganya kwa sababu omu ni chache sana. Pitisha mkondo wa betri ya gari kupitia taa, pima ampea, pima volti kwenye nyaya za mota, gawanya. Inatoa jibu la kuaminika.

Mzee wa Karakana (Tabora)

Vijana, nimesoma kwa furaha. Nyongeza kutoka kwa aliyekaa na stata miaka mingi.

Fundi umetaja sukio mbili ndani ya stata moja, hebu nikazie hapo. Hizo zinatumika pale spidi hazina uwiano wa moja kwa mbili, mfano poli 4 na 6. Dahlander wa kawaida hawezi hiyo. Sasa sukio moja likifanya kazi, jingine limelala lakini bado liko ndani ya sumaku inayozunguka. Likifungwa delta iliyofunga kabisa, mkondo unaweza kuzunguka humo ndani bila kuonekana kwenye ampea za laini, na mota inapata joto hakuna anayejua limetoka wapi. Lisuke sta, au kama ni delta acha kona moja wazi ifungwe na kontakta (swichi inayovutwa na sumaku) wakati wake tu.

Na mwambieni mteja ukweli: sukio mbili zinagawana sloti moja. Kila moja inapata karibu nusu ya nafasi ya shaba, kwa hiyo usimwahidi nguvu zilezile za mota ya spidi moja ya umbo hilo.

Binti Ujiji

Shikamoo mzee. Asanteni wote.

Mimi nasoma ufundi umeme, na chuoni tumefika mota ya spidi moja tu. Naomba mfano wa hesabu ya 4/8 kuanzia chuma. Tuseme sina data ya zamani, stata imeletwa tupu, mwenyewe alishaichoma na kutoa shaba. Naanzia wapi? Na kwa nini hatua iwe 1 hadi 6 wakati poli 4 inataka sloti 9?

Mzee wa Karakana (Tabora)

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lenyewe. Namwachia fundi aliyefungua uzi.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Dada, swali la hatua kwanza, maana ndiyo roho ya mchoro wenyewe.

Sloti 36 kwa poli 4 ni sloti 9 kwa poli. Kwa poli 8 ni 4.5. Koili ni moja na lazima itumikie zote mbili. Ukiichagua 9, kwa poli 8 pande zake mbili zinaangukia chini ya poli za aina moja, volti zinauana, unapata sifuri. Ukiichagua 5, yaani 1 hadi 6, kwa poli 8 unapata karibu yote: sine ya digrii 100, ni 0.985. Kwa poli 4 unapata sine ya digrii 50, ni 0.766. Umepoteza kidogo juu ili uishi chini.

Halafu kuna mtawanyiko wa koili tatu za kundi. Poli 4, kila sloti ni digrii 20 za umeme, unapata 0.960. Poli 8, sloti ni digrii 40, unapata 0.844. Zidisha: poli 4 ni 0.735, poli 8 ni 0.831. Ziandike mahali hizi mbili, zinatawala kila kitu kinachofuata.

Sasa chuma. Chukua stata yenye kipenyo cha ndani milimita 130, urefu wa chuma 140, jino (chuma kati ya sloti mbili) upana 6, mgongo (chuma cha nyuma ya sloti) unene 22. Mota ni ya kinu, hivyo delta chini, volti 400.

Poli 8 kwanza. Mzingo gawanya kwa 8 ni milimita 51, zidisha 140, eneo la poli ni kama mita za mraba 0.00715. Chagua msongamano wa sumaku kwenye nafasi ya hewa uwe tesla 0.8 kileleni. Wastani wake ni 0.51, kwa hiyo sumaku kwa poli ni weba 0.00364. Volti zinazobaki kwenye koili baada ya upotevu chukua 380. Mizunguko ya fezi ni 380 gawanya kwa 4.44 mara 50 mara 0.831 mara 0.00364. Inatoka 566. Kila fezi ina koili 12 zilizofuatana, kwa hiyo kila koili ni mizunguko 47.

Usisimame hapo. Wengi wanasimama hapo. Rudi poli 8 na uangalie jino: umbali wa sloti hadi sloti ni milimita 11.3, jino ni 6, na karatasi za chuma zina nafasi kidogo katikati yake, tuseme 0.95. Jino linabeba tesla 1.59. Limebanwa, lakini linavumilika.

Kisha nenda poli 4. Sasa fezi ni nusu mbili sambamba, kila nusu ina mizunguko 282, na volti ni za sta, 219 baada ya upotevu. Sumaku kwa poli inatoka weba 0.00477. Tazama: imepanda kwa theluthi hivi, lakini eneo la poli limekuwa mara mbili, kwa hiyo msongamano hewani umeshuka mpaka tesla 0.52. Meno yamepumua. Ila nusu ya sumaku ya kila poli lazima ipite mgongoni, na sumaku ya poli imekuwa kubwa zaidi. Mgongo unabeba tesla 0.81, kutoka 0.62 ya poli 8.

Ndiyo maana nasema meno yakaguliwe kwenye spidi ya chini, na mgongo ukaguliwe kwenye spidi ya juu. Stata iliyozaliwa poli 8 peke yake huwa na mgongo mwembamba. Ukitaka kuigeuza 4/8, hapo ndipo itakapokukatalia, na ni heri ikukatalie kwenye daftari kuliko kwenye benchi. Kwa stata ya mfano huu mgongo ni mnene, una nafasi ya kutosha.

Unene wa waya ni suala la sloti yako: mizunguko 47 mara mbili, maana kila sloti ina pande mbili za koili, pamoja na karatasi kati yake. Kumbuka spidi ya chini feni ya nyuma ya mota inazunguka nusu, upepo ni kidogo, na delta inavuta. Usibane waya mwembamba ukidhani vanishi itakuokoa.

Binti Ujiji

Nimeelewa meno na mgongo, hiyo haikuwa kwenye daftari letu. Swali dogo: nikiona makundi hayalingani, moja lina koili tatu, jingine mbili, jingine moja, nisawazishe?

Mzee wa Karakana (Tabora)

Usisawazishe!

Huenda umekutana na mota ya aina ya Rawcliffe. Profesa Gordon Rawcliffe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha njia hiyo mwaka 1958. Wao waligeuza nusu ya kila fezi kwa mpangilio unaofanya nguvu ya poli ipande na kushuka ukizunguka stata. Jozi 4 za poli zikipandishwa na kushushwa na wimbi la jozi 1, zinazaa jozi 3 na jozi 5. Ukipanga fezi tatu vizuri, ile ya jozi 3 inajifuta yenyewe na unabaki na 5. Hapo una mota ya poli 8 na 10 kwa sukio moja na nyaya sita. Kwa mipangilio mingine wanapata 4/6 au 6/8. Ile hali ya makundi kutolingana ndiyo inayosafisha sumaku isiyotakiwa. Ukiyasawazisha, mota itapiga kelele na kutetemeka hata ukiipeleka kwa fundi gani. Chora kila kundi kama lilivyo, piga picha kila upande, andika kila kiungo, kisha rudisha vilevile.

(Hata mota ya kawaida ya poli 8 kwenye sloti 36 ina makundi ya moja na mbili yakipishana, maana ni sloti moja na nusu kwa poli kwa fezi. Hesabu kwanza kabla hujaamua ni ipi.)

Umeme Gungu

Wakuu, naheshimu elimu hii, ila tuwe wakweli. Siku hizi kuna inveta, kifaa cha kubadilisha Hz. Nunua mota ya kawaida ya poli 4, weka inveta, pata spidi yoyote. Kwa nini tujichoshe na Dahlander?

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Swali la haki, na sina ugomvi na inveta. Feni inayotaka spidi nyingi, au pampu inayofuata kiwango cha maji, inveta ni bora, na inawasha mota taratibu bila kishindo.

Lakini angalia kinu cha Simbo. Kuna mvuke, mafuta yanaruka, vumbi la makapi linaingia kila mahali, volti zinayumba jioni. Inveta kwenye kabati lisilo na chujio hapo haidumu, na ikifa anasubiri nyingine kutoka mbali huku chikichi zake zinaoza. Yeye anahitaji spidi mbili tu. Kontakta tatu zinampa hizo mbili, na yoyote ikifa anaipata hapa mjini siku hiyohiyo. Na mota ikishafika mezani na kibao chake kimeandika spidi mbili, wajibu wangu ni kuirudisha kama ilivyokuwa, nisimlazimishe mwenye nayo kununua kitu kingine kwa sababu mimi sijui kuisuka.

Kwenye hizo kontakta: ya kwanza inapeleka umeme 1U, 1V, 1W. Ya pili inapeleka 2U, 2V, 2W. Ya tatu inaunganisha 1U, 1V, 1W pamoja. Ya kwanza na ya tatu zikishika kwa pamoja umepiga shoti fezi tatu, kwa hiyo zifungiane, yaani moja ikishika nyingine isiweze kushika, kwa waya na kwa chuma, vyote viwili. Ovaloudi (kinga za ampea kuzidi) ziwe mbili, kwa sababu ampea za spidi mbili hazilingani. Na ukishusha kutoka juu kwenda chini weka taima. Rota inayokwenda 1440 ukiipa uwanja wa 750 inageuka jenereta na kufunga breki ya ghafla. Nimeona funguo ya shafti imekatwa kwa hilo.

Kaka wa Nzega

Nimefuata uzi toka jana. Nina feni ya kukaushia mpunga, mota nyaya sita, kibao kimefutika. Fundi mmoja aliniambia afunge delta ili iwe na nguvu zaidi. Nimepima kwa betri kama mlivyosema: 1U kwa 1V omu 4.8, 2U kwa 2V omu 2.4, 1U kwa 2U omu 1.2. Nyaya zote zinaongea. Nifanyeje?

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Vipimo vyako vimekaa sawasawa: 4r, 2r, r. Hiyo ni sta chini na sta mbili juu, ya feni, kama ilivyotakiwa. Usikubali afungue kiungo cha ndani kuifanya delta. Mizunguko ya koili hizo imehesabiwa kwa volti za sta. Ukiipa delta, sumaku inadaiwa mara 1.73, chuma hakiwezi kuibeba, na mota itavuta ampea kubwa hata feni ikiwa imefunguliwa. Na feni yako haihitaji nguvu hiyo spidi ya chini.

Ukifunga kontakta, washa spidi ya chini kwanza uangalie upepo unaelekea wapi, zima, isimame, kisha washa ya juu. Pembe ya digrii 120 kati ya fezi kwenye poli 4 inakuwa 240 kwenye poli 8, ambayo ni mzunguko wa kinyume. Viwanda vingi vinaligeuza hilo ndani wakati wa kutoa nyaya, lakini mota iliyowahi kusukwa upya huwezi kujua. Ukikuta spidi ya juu inarudi nyuma, badilisha nyaya mbili upande wa 2U, 2V, 2W tu. Upande wa chini usiuguse.

Kaka wa Nzega

Sawa mkuu. Kontakta ninazo mbili, ya tatu naifuata Tabora mjini Jumatatu. Nitaweka ampea za spidi zote mbili hapa nikishawasha.

Mzee wa Karakana (Tabora)

Weka na ampea za kila fezi peke yake, kijana, si moja tu.